Mama, Imekwisha?

Wajukuu zangu, sogeeni. Anayetaka kukohoa akohoe, anayetaka kuuliza aulize. Leo hapa hanyamazishwi mtu, na mkinisikiliza mtajua kwa nini.

Alikuwepo fundi mmoja wa redio na televisheni, na mkewe mshonaji. Sebule yao nusu nyumba, nusu karakana. Televisheni za watu zimepangwa ukutani, nyingine hazina mgongo, utumbo nje. Dirishani cherehani ya mke na rundo la nguo za wateja. Walijaliwa mabinti wawili. Mkubwa ana miaka saba, wakimwita Mapengo, maana meno mawili ya mbele yalimtoka wiki moja na hayakuonyesha haraka ya kurudi. Mdogo ana miaka mitano, huyo ni Chiriku, na jina lilimkaa sawasawa. Alianza kusema kabla hajafumbua macho, na ukimpa chakula atakihadithia kwanza ndipo akile.

Yule fundi alipenda nyimbo za sinema kuliko kula. Hata mke alimpatia sinema. Alikaa kiti cha nyuma yake, picha ilipokwisha akamfuata njia nzima akimpigia mluzi wimbo wa mwisho, tena anaukosea. Mwanamke akavumilia, akavumilia, mwishowe akageuka kumsahihisha. Wakaoana.

Sasa nyimbo zile hazikuuzwa dukani. Ukiupenda wimbo wa filamu au wa mchezo wa televisheni, uukamate mwenyewe. Fundi alikuwa na utaratibu wake. Anaweka kigoda mbele ya televisheni, juu yake redio ya kaseti, uso kwa uso na spika. Wimbo ukikaribia, anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, anainua kidole. Kidole kikiwa juu hapumui mtu. Cherehani inasimama, sufuria inaepuliwa jikoni, jirani akipiga hodi atajijua mwenyewe. Maana kanda haichagui, kila sauti inaibeba. Wimbo ukiisha, kitufe tak, kidole chini, na nyumba nzima inaangua kicheko kama watu waliotoka majini.

Kulikuwa na tamthilia kila Alhamisi saa moja jioni. Wimbo wake wa kufungulia ulikuwa wa filimbi na sauti ya mwanamke mmoja tu, lakini hata mchinja nyama wa mtaa alikuwa akilia. Fundi aliuwinda Alhamisi tatu. Ya kwanza akabweka mbwa. Ya pili Chiriku, bila shaka. Ya tatu ukaingia safi mpaka mwisho, na kabla kitufe hakijabonyezwa, Mapengo, aliyezuia pumzi mpaka machozi yakamlenga, akauliza, "Mama, imekwisha?"

Upepo ukapita penye pengo, fsss. Baba akamkemea, "Sss!" Tak.

Alikasirika kweli. Akasema Alhamisi ijayo ataufuta na kurekodi upya. Alhamisi iliyofuata Mapengo alikuwa na homa. Alhamisi ya baada ya hapo alikuwa kaburini.

Basi katika dunia nzima sauti ya mtoto yule ilibaki maneno mawili, kwenye kanda yenye doa jekundu la rangi ya kucha, maana fundi alizitambua kanda zake kwa rangi za kucha za mkewe.

Miezi miwili mama hakuigusa. Halafu ikawa kila siku baada ya chakula cha mchana, akiketi kwenye cherehani, anaiweka. Filimbi ikianza tu, mtoto anarudi: amekaa chini katikati ya magoti yake, anasukwa, shingo imelegea kwa usingizi, mafuta ya nywele yananukia. Dakika tatu ana mtoto. Kisha "Mama, imekwisha?" Kisha "Sss!" Kisha tak. Anarudisha nyuma, anaanza tena. Mumewe alikuwa akitoka nje kila inapofika ile "Sss" yake, akashika kitu cha kushika, bisibisi, waya, chochote.

Siku moja, jua linawaka, watoto wa jirani wanacheza barabarani, mama akasikiliza mpaka mwisho. "Mama, imekwisha?"

Na "Sss" haikuwepo.

Wala tak. Kanda ikaendelea kuunguruma polepole, na ndani ya ule mngurumo mtu anapumua.

Mama alirudisha nyuma mara nne. Hakumwambia mtu. Kesho yake, baada ya pumzi, sauti ikauliza, "Naweza kusema sasa?"

Mama akainama mpaka paji la uso likagusa spika. Akajibu, "Sema, mwanangu."

Ikasema. Siku ya kwanza jina lake. Siku ya tatu ikaomba maji. Wiki ya pili inacheka na kusimulia. Mama akanawiri, akaanza kupaka tena rangi ya kucha, wateja wakamsifu kwamba sasa amepoa. Ila sebule ilianza kutoa harufu. Mwanzo ilikuwa harufu ya mafuta ya nywele, tamu, halafu ikawa kama mafuta hayohayo yaliyosahauliwa motoni.

Mumewe alirudi mapema siku moja akamkuta anapiga soga na redio. Akasimama mlangoni. Yeye ni fundi, macho yake yalikwenda kwenye kidirisha cha kaseti, akaona vile vigurudumu viwili vimesimama kabisa. Kanda haizunguki, na mtoto anazungumza. Akafungua kinywa aseme. Mke hakugeuka, aliinua kidole tu kama yeye mwenyewe alivyokuwa akiinua, akasema, "Sss. Mtoto anaongea."

Tangu saa ile sauti ya fundi ikakauka. Si mafua, si kikohozi, ikawa mkwaruzo tu wa mtu anayeburuta sanduku.

Na Chiriku? Hapo ndipo roho inaniuma. Chiriku alikuwa haachi kuja na habari zake kwenye cherehani, na kila akija kanda inacheza, na mama anamwambia vilevile, kwa upole kabisa, "Nyamaza, dada yako anaongea." Mtoto mwenye adabu ananyamaza. Kwanza zikamtoka nyimbo. Kisha hadithi. Kisha akawa ananyooshea kikombe kidole akitaka maji. Mchana mmoja kanda ilisimulia jinsi paka alivyotumbukia kwenye beseni la nguo asubuhi ileile, ikaiga na sauti ya paka, mama akacheka mpaka akashika mbavu. Mapengo alikuwa na miezi mitano ardhini, paka yule kamjulia wapi? Aliyemwona ni Chiriku peke yake, na Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, midomo inatembea sambamba na ile hadithi, neno kwa neno, bila sauti.

Baba aliona midomo ile. Hakusubiri kuvaa viatu, akaenda kumwita bibi muosha maiti.

Bibi yule ndiye aliyemwosha Mapengo, na watu walijua kwamba anajua mengine zaidi ya maji na sabuni. Alikuja Jumamosi asubuhi, akaketi kwenye kigoda kilekile cha kurekodia, akasikiliza wimbo mpaka mwisho na mazungumzo yaliyofuata, mikono magotini. Kisha akamgeukia mama. Mtaa mzima bado ulimwita Mama Mapengo, hakuna aliyethubutu kulibadili jina hilo. Bibi akalibadili.

"Mama Chiriku," akasema taratibu, "mwanao nilimfunga kinywa kwa mkono huu. Meno mawili ya mbele hayakuwepo. Huyu umsikilizaye, maneno yanamtoka safi. Meno yake yamejaa."

Mama akasema mtoto amekua.

"Waliokufa hawaoti meno," akasema bibi. "Wala hawavuti pumzi katikati ya maneno. Humu mwanao ana maneno mawili tu. Lililobaki lote ni jini. Lilipata nyumba inayonyamaza kwa amri, likaingia kwenye ule ukimya, na kila unayemnyamazisha unalipatia sauti yake. Ya mumeo limeionja. Huyu mdogo linammaliza."

Akawaeleza la kufanya. Wabonyeze vile vitufe viwili, warekodi juu ya wimbo ule, wote, wauimbe kwa nguvu mwanzo mpaka mwisho, kanda ijae watu walio hai, jini likose pa kukaa. Hakuna kidole, hakuna kunyamazishana. Sauti ya mtoto itarudi kwa mwenyewe. Na yale maneno mawili ya Mapengo yatafutika.

Mama akauliza kama hayawezi kubaki hayo mawili tu. Bibi akamchukua Chiriku, akamweka mbele yake, akamshika kidevu ili mama amtazame. Mama akatazama. Kusema kweli alimtazama sana, kama mtu aliyetoka safari ndefu, akalia, akasema haya, bonyezeni.

Wakaanza. Fundi anakwaruza, bibi muosha anaimba kama anayetwanga, mama sauti inatetemeka lakini inapanda, na Chiriku katikati yao amefungua kinywa wazi, hakitoki kitu. Wakafika ubeti wa pili, na harufu ya mafuta yaliyoungua ikajaa mpaka macho yakawasha, na televisheni zile ukutani, zile zisizo na migongo, zisizo na waya, zikaanza kuunguruma moja baada ya nyingine, na kwenye koo la Chiriku kikasikika kitu, kidogo, kama kifaranga ndani ya yai, kikakua, kikawa sauti, sauti ya Chiriku mwenyewe ikaushika wimbo mahali walipofika, na baba yake akaanguka magoti huku anaimba, akamkumbatia kiunoni, na zilikuwa zimebaki kama pumzi tatu wimbo uishe, pumzi tatu tu jamani, ndipo spika ambayo haikupaswa kutoa chochote maana inarekodi, ikatoa sauti chini kabisa, ya mtoto anayejitahidi kutolia.

"Mama, wananifuta. Sikusema kusudi."

Na upepo ukapita penye pengo. Fsss. Kila penye s.

Jini lilikuwa limeng'oa meno yake, wajukuu zangu, kwa ajili ya pumzi zile tatu.

Bibi muosha alipiga kelele, aimbe, asisikilize. Mama alikuwa ameshageuka. Alimtazama Chiriku anayeimba, mishipa ya shingo imemsimama kwa furaha, na kitu pekee alichoona ni kwamba anamzuia asisikie. Akainua kidole.

"Sss," akamwambia. "Kidogo tu, nimsikie dada yako."

Chiriku akanyamaza. Alifundishwa vizuri.

Kitufe kikaruka chenyewe. Tak.

Waliporudisha nyuma na kusikiliza, wimbo wa filimbi ulikuwemo uleule, safi, hauna hata sauti yao moja. Mwisho wake hakukuwa na Mapengo, si wa kweli wala wa uongo. Jini halikuwa na haja naye tena. Kulikuwa na sauti ya mtoto wa miaka mitano, nzima, ya kuchangamka, iliyouliza, "Mama, imekwisha? Naweza kusema sasa?" Na mwenye sauti yake alikuwa amesimama pale pale sebuleni, amefumba mdomo, anamsubiri mama ashushe kidole.

Mnadhani aliitupa? Fundi alitaka kuiponda kwa nyundo, bibi akamkamata mkono, akamwambia ukiiponda sauti ya mwanao hairudi milele. Fundi akaweka nyundo chini, akaondoka nyumbani mwaka uleule. Mama akabaki na kanda. Kila mchana akaiweka, akapiga soga na Chiriku wa kwenye spika, akicheka naye na kumtania, na huyu wa nyama na damu ameketi ubavuni kwake akitia uzi sindanoni. Kwa miaka ishirini na mbili hakumsemesha zaidi ya kipimo cha nguo. Alisema huyu hajibu.

Mama alipokufa, cherehani akairithi Chiriku. Alishakuwa mwanamke, ameolewa na mwanamume mpole, na amejaliwa binti. Na binti yule, msicheke, alitoka chiriku kuliko chiriku. Anasema tangu alfajiri, anawahadithia mpaka wateja wanaopimwa, na mama yake anamtazama tu, anacheka bila sauti mpaka mabega yanatikisika. Furaha yote ya nyumba ile ilikuwa kwenye kinywa cha mtoto yule.

Bibi muosha, mzee sana sasa, alikuja kumwosha mama. Alipomaliza akamwambia Chiriku aifunge ile kanda kwenye kitambaa aizike pamoja na marehemu. Chiriku akaitikia kwa kichwa. Akaifunga. Kitambaa kilizikwa, wengi walikiona.

Lakini fikirini. Mtu hajasikia sauti yake tangu ana miaka mitano ila kwa kumwibia mama yake, akiwa ubavuni, ikisema na mwingine. Siku ya tatu baada ya mazishi, mchana mweupe, wateja hakuna, akatoa kaseti yenye doa jekundu chini ya vitambaa, akaiweka. Filimbi ikaanza. Yakamjia yote, harufu ya mafuta ya nywele, mikono ya baba kiunoni. Wimbo ukaisha. Sauti ikasema, safari hii kwake, "Ni mimi. Nikuambie ungesema nini miaka yote hii?"

Chiriku akainama mpaka paji la uso likagusa spika.

Binti yake akaingia mbio kutoka barabarani, ana habari, paka amefanya hiki, paka amefanya kile, anataka kusema yote kwa pamoja.

Na mama yake, bila kugeuka, akainua kidole.