Siku Kinyozi Alipoosha Tangi

Duka la samaki wa mapambo lilifurika Jumamosi ile, watu wakisukumana mabega kati ya matangi. Kinyozi alikuwa kwenye foleni, kakumbatia mfuko wa samaki kumi na wawili. Alitaka wateja wake wawe na cha kutazama wakisubiri zamu.

"Tangi lako lina muda gani, kaka?" sauti ikauliza nyuma yake.

Akageuka. Dada wa gauni la rangi ya limau, miwani kaipandisha kichwani, mkononi fungu la majani ya maji.

"Nimelinunua leo."

"Basi waage kabisa. Kesho kutwa wataelea."

Kinyozi akacheka, mwenzake hakucheka. Akamweleza palepale: maji ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini, mimea ipandwe, kisha asubiri wiki kadhaa vijidudu vizuri vizaliane kwenye sponji ya chujio. Ndivyo vinavyomaliza sumu ya uchafu wa samaki.

Kinyozi akarudisha mfuko wa samaki kaunta. "Na nikikwama nimuulize nani?"

Dada akampa namba. Alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini, lakini Kinyozi alimwandika kwenye simu: Daktari wa Maji.

Akapiga jioni ileile. "Daktari, jani moja lina unjano."

"Likate."

"Mimi nanyoa vichwa tu."

"Lihesabu ni kichwa."

Kesho yake akauliza taa iwake saa ngapi. Siku ya tatu akapiga bila swali lolote.

"Leo hakuna jani linaloumwa?"

"Leo anaumwa mwenye majani."

Samaki wa kwanza walipoingia majini, Kinyozi alikuwa ameshazama.

Miezi minane baadaye Daktari alikwenda kwenye mafunzo ya siku nne, akamwachia ufunguo wa nyumba yake, awalishe samaki wake. "Chakula kidogo tu, mpenzi. Kingine usiguse."

Siku ya mwisho Kinyozi akaona ukijani kwenye kioo cha tangi la Daktari, maji yana rangi ya chai. Akataka kumfurahisha. Akakunja mikono ya shati, akamwaga maji yote, akasugua mawe kwa brashi, akaifua sponji kwa sabuni mpaka ikawa mpya, akajaza maji ya bomba.

Daktari aliporudi kesho yake asubuhi, maji yalimeremeta. Samaki walikuwa juu wakitweta, wawili wamekufa. Akapiga simu.

"Umefanya nini kwenye tangi langu?"

"Nimekusafishia, kipenzi!" Kinyozi alisema, mashine ikinguruma kwenye kichwa cha mteja.

"Miaka mitatu nalilea! Nilikwambia usiguse. Lakini wewe hunisikilizi, unapiga simu uchekeshe tu."

Akakata. Akasubiri simu ilie, haikulia. Robo saa, nusu saa. Kumbe ndivyo alivyo, akawaza, neno moja tu kakimbia. Akalia huku akiwatoa wale waliokufa.

Mlango ukagongwa. Kinyozi, aproni imejaa nywele, ndoo mkononi. Nyuma yake mteja wake, mwalimu mstaafu wa mtaani, kabeba ndoo ya pili, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

"Shikamoo, Mwalimu," Daktari alisema.

"Marahaba, binti. Tupishe, maji mazito haya."

Kinyozi akainua sponji nyeusi kutoka ndooni. "Ni ya chujio langu. Haijawahi kuona sabuni, vijidudu vimejaa. Nimekata nusu, nusu nimewaachia wangu, nao nitawapunguzia chakula. Maji nimeyatia dawa. Tuyabadilishe polepole, wasishtuke. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Daktari akamtazama. Kila neno alilowahi kusema lilikuwa pale.

Walifanya kazi magoti chini, wakimwaga na kujaza kikombe kwa kikombe. Kufika alasiri samaki walishuka mmoja mmoja, wakajificha kwenye majani.

"Nilikusema vibaya," Daktari alinong'ona.

"Hapana. Nilisikia yote, nikakaidi lile moja." Kinyozi akafuta mikono kwenye aproni. "Sitaki tena kuwa mtu wa kuachiwa ufunguo. Nataka tuishi pamoja. Nikuoe."

Mwalimu, kitini, akajifanya anasoma gazeti.

Daktari alichukua simu, akapiga, akafungua spika.

"Mama, nimeposwa."

"Na nani?"

"Yule kinyozi."

"Yule wa kupiga simu kila saa? Nawe umesemaje?"

Daktari alimtazama mwanaume aliyelowa mpaka magotini, pumzi ameibana.

"Nimekubali, Mama."