Matundu ya Jikoni

Kila siku akitoka shule, Hyasinta alianza kwa kwenda uani kuangalia ujenzi wa jikoni umefikia wapi. Sare alikuwa bado hajaivua, na mkoba ungali mgongoni.

"Bado, mpishi," fundi Hashimu alimwambia kabla hajauliza. "Kuta hazioti kama mchicha."

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba sita, mitaa miwili kutoka soko la Kariakoo. Mwenye nyumba, Bi Moza, aliishi chumba cha mbele. Jikoni palikuwa nyuma, uani, na wapangaji wote walipikia humo. Masika yalipoanza, paa la jiko hilo liliporomoka na ukuta mmoja ukaanguka, ndipo Bi Moza akamwita fundi Hashimu ajenge upya. Sasa uani palijaa mchanga, matofali na mifuko ya saruji. Wapangaji wengine walikata shauri wakawa wanakula kwa mama lishe.

Hyasinta hakutaka. Mama yake alikuwa amesafiri kwenda Songea kumuuguza bibi, na Baba, mzee Athanas, alishinda sokoni akiuza vitunguu. Jumapili moja shangazi yao, Stella, alikuja kuwaona. Alipotazama uani alitikisa kichwa.

"Kaka, hapa hapana jiko wala mama," alisema. "Ignasi nitamchukua mimi, tukakae naye Mbagala mpaka wifi atakaporudi."

Ignasi alikuwa na miaka mitano. Aliposikia hivyo aling'ang'ania gauni la dada yake kwa mikono miwili. Hyasinta akakumbuka maneno ya Mama siku ya kuagana: "Mdogo wako nakuachia wewe." Akasimama.

"Baba, nitapika mimi. Ignasi hatalala na njaa hata siku moja."

Baba alimtazama. Hyasinta alikuwa darasa la sita na mikono yake ilikuwa myembamba.

"Haya, jaribu," alisema. "Ukishindwa, ataenda kwa shangazi yako. Ila jiko la mkaa lisiingie chumbani. Godoro likishika moto tumekwisha. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

Basi Hyasinta akashika mwiko. Asubuhi aliloweka maharage kabla ya kwenda shule. Ignasi alishinda kwa Bi Moza, na Hyasinta alipokuwa akirudi alimpitia, kisha akawasha jiko la mkaa kando ya rundo la mchanga. Mchicha aliukatia kwenye ngazi ya mlango. Upepo ukivuma alikinga moto kwa kipande cha bati. Siku moja upepo ulimshinda ujanja, mchanga ukaingia sufuriani, na Ignasi akatafuna mara mbili akasita.

"Dada, dagaa wa leo nao wanatafuna."

"Kula, acha maneno," alisema Hyasinta, ingawa na yeye alikuwa anasikia mchanga kwenye meno.

Fundi Hashimu alikuwa akimtazama huku akipanga matofali. "Wewe mtoto, mvua itakuja," alimwambia. "Nikuwekee kibanda hapo pembeni? Mabati ya zamani yapo."

"Asante, fundi. Naweza mwenyewe."

Kweli aliweza, na hapo ndipo kiburi kilipoanza kumea ndani yake kidogokidogo. Aliona kwamba akiomba msaada, habari zitafika Mbagala na shangazi atasema, "Si nilisema?"

Siku ya Alhamisi mvua ilikuja, tena bila hodi. Fundi Hashimu na msaidizi wake walikimbilia barazani mbele ya nyumba. Maharage yalikuwa yamebakiza kidogo tu kuiva, unga wa ugali ulikuwa tayari kwenye sinia, na Ignasi alikuwa amejilaza chumbani akilalamika njaa. Hyasinta aliinamia sufuria kama kuku anayefunika vifaranga. Matone yalidondokea mkaa yakilia chii, chii.

Akafikiri. Baba alikataza jiko kwa sababu ya godoro. Je, akiliweka mbali na godoro, karibu na mlango? Na moshi ulikuwa umekwisha zamani; makaa yalikuwa mekundu na safi. Isitoshe, Bi Moza mwenyewe kila jioni huingiza chetezo chenye makaa chumbani kwake na kufukiza udi, na hakuna aliyewahi kudhurika.

Akalibeba jiko kwa matambara, akaliweka chumbani karibu na mlango. Mvua ilikuwa ikipiga dirishani, akalifunga. Mlango nao akaufunga, kwa sababu hakutaka Bi Moza aone.

Chumba kikapata joto zuri. Maharage yakachemka, Ignasi akanyamaza, akalala. Baada ya muda Hyasinta alihisi kichwa kinamgonga na magoti yamelegea. "Njaa hiyo," alijiambia. Mvua ilipopungua alichukua ndoo akaenda bombani kuchota maji ya ugali. Kule nje, upepo ulipompiga usoni, alijisikia nafuu. Akakaa kidogo akivuta hewa, bila kujua kwa nini inampendeza hivyo.

Aliporudi alimwita mdogo wake.

"Ignasi, amka, maharage yameiva."

Ignasi hakuamka. Alikuwa ametapika kwenye shuka. Hyasinta alimtikisa, kichwa cha mtoto kikaanguka upande. Hyasinta aliruka wima. Alifungua mdomo apige kelele, halafu macho yake yakaliona jiko. Jiko liko ndani! Akaitua sufuria, akalikamata jiko kwa matambara, akaliburuta mpaka uani, akalifunika kwa karai la fundi. Ndipo akapiga kelele.

Bi Moza alikuja mbio, mtandio ukimwanguka. "Yarabi! Mtoto kafanya nini?"

"Sijui, Bibi! Alikuwa amelala tu!"

Fundi Hashimu alimbeba Ignasi, wakapanda bajaji wote wanne mpaka kwenye zahanati. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Scholastika, mama mnene mwenye mikono ya haraka. Alimlaza Ignasi kitandani na kuanza kuuliza.

"Malaria hiyo, binti yangu," alisema Bi Moza. "Mvua hizi, mbu wamejaa."

"Mwili wake hauna joto, bibi," alisema muuguzi, uso ukiwa na mashaka. "Tutampima, lakini sioni homa. Amekula nini? Amekunywa mafuta ya taa? Dawa ya panya?"

"Hakuna," alijibu Bi Moza. "Dada yake alikuwa naye. Hyasinta, sema, mama."

Wote wakamgeukia. Hyasinta alisimama ukutani, nguo zimelowa, mikono inanuka mkaa. Akisema kweli, Baba atajua kwamba alivunja amri, na Ignasi atapelekwa Mbagala. Asiposema, hakuna anayejua. Jiko lilikuwa chini ya karai.

Akamtazama Ignasi. Midomo yake ilikuwa mikavu na kifua kilipanda polepole mno. Mbagala si mbali, aliwaza. Huko Ignasi anakoelekea sasa ndiko mbali.

"Nilipika chumbani," alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Niliingiza jiko la mkaa, nikafunga mlango na dirisha. Alikuwa amelala humo. Hata mimi kichwa kinauma. Halafu nikalificha jiko kabla ya kuwaita."

Bi Moza alijishika kifuani. Muuguzi hakupoteza muda hata wa kumgombeza. "Hewa ya mkaa!" alimwita mwenzake. "Lete oksijeni, haraka! Na huyu binti naye akae hapa."

Wakamfunika Ignasi kinyago cha hewa puani na mdomoni. Hyasinta naye aliwekewa. Aliketi akishika mguu wa mdogo wake, akilia bila kujificha, na kila mara kifua cha Ignasi kilipopanda alisema moyoni, "Tena. Vuta tena."

Baba alipofika kutoka sokoni alikofuatwa na msaidizi wa fundi, jasho likimtiririka na maganda ya vitunguu yamemganda kwenye shati, Ignasi alikuwa amefumbua macho.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "sijala maharage."

Baba alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akamgeukia Hyasinta, na kicheko kikaisha.

"Nilikukataza."

"Ndiyo, Baba. Nisamehe. Nilidhani hatari ni godoro tu. Moshi ulikuwa umekwisha."

"Mzee," aliingilia muuguzi Scholastika, "hapo ndipo wengi wanapokosea. Mkaa ukiwaka vizuri moshi hauonekani, lakini unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya chumba kilichofungwa, hewa hiyo humlaza mtu asiamke tena. Huyu binti alikosa, lakini angenyamaza, tungehangaika na malaria ambayo haipo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye ameyafichua mapema."

Hyasinta alisubiri kusikia jina la Mbagala.

"Ignasi atabaki nyumbani," alisema Baba hatimaye. "Mtoto anayeweza kusema kweli huku anatetemeka, naweza kumwachia mdogo wake. Ila umeniudhi, Hyasinta. Kwa nini hukuomba msaada?"

Fundi Hashimu, aliyekuwa mlangoni, alikohoa. "Kibanda kile bado nataka kukijenga," alisema.

Kesho yake alimjengea: nguzo nne na mabati ya zamani, pande zote wazi. Hyasinta alishika misumari, na safari hii alisema asante bila kuongeza neno. Shangazi Stella alikuja akagomba kwa kirefu, kisha akakunja mikono ya blauzi na kusonga ugali.

Kazi ya jikoni ikaendelea. Siku moja Hyasinta alirudi kutoka shule akakuta ukuta wa upande wa kichochoro umekaribia paa. Ulikuwa mzima, bila dirisha wala tundu.

"Fundi, moshi utatokea wapi?"

"Mlangoni. Bi Moza anaogopa vibaka na paka wa kichochoroni. Amesema pasiachwe tundu."

Hyasinta alikwenda chumba cha mbele. Bi Moza alikuwa akiandaa chetezo chake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ignasi hajambo?"

"Hajambo. Bibi, nimekuja kuomba. Mle jikoni wapangaji tunapika wote pamoja, majiko matano, sita. Mvua ikinyesha mtu atafunga mlango, kama mimi nilivyofunga. Paka anaiba samaki tu, Bibi. Ile hewa inaiba watu."

Bi Moza alimtazama, kisha akatazama makaa ndani ya chetezo. Aliinuka, akafungua dirisha lake pande zote mbili, halafu akatoka mpaka uani.

"Hashimu! Bomoa mstari wa juu. Weka matofali ya matundu, na dirisha lenye nondo."

"Bibi, si ulisema..."

"Nilisema, na sasa nasema tena. Bomoa."

Jiko lilipokamilika, Hyasinta ndiye aliyepewa heshima ya kuwasha moto wa kwanza. Alipika wali na maharage kwa nyumba nzima. Moshi wa mwanzo ulipanda, ukagonga bati, ukatafuta matundu na kutoka kichochoroni. Ignasi alisimama nje akiushangilia.

Bi Moza aliwakusanya watoto wa nyumba hiyo. "Sikilizeni," alisema. "Bidii ni kitu kizuri, na Hyasinta anayo kuliko sisi wengi. Lakini bidii isiyotaka kuomba msaada inaweza kumponza mwenyewe na anaowapenda. Jiko la mkaa halikai ndani ya chumba, liwe na moshi au lisiwe nao. Na ukikosea, sema upesi, kwa kuwa dakika unayotumia kuficha kosa ndiyo mwenzako anayoihitaji apone. Mmesikia?"

"Tumesikia, Bibi."

"Dada," alisema Ignasi akishika sahani yake, "haya maharage ndiyo yale ya siku ile?"

"Siyo yale," alijibu Hyasinta akimpakulia. "Haya yamepikwa mlango ukiwa wazi."