Usimchukue, Nimemzoea

"Kerubo, ile sauti iko naomba Mungu kwa simu za watu wa boda, si ni yako?"

Josline, jirani yake wa mtaa wa Munuki, mjini Juba, alimuuliza hivyo siku moja akianika nguo, na Kerubo akacheka. Sauti yake ifikeje kwenye simu za watu? Hata hivyo akatoka mpaka stendi ya boda. Akasikia gitaa linakwaruza kama bati linaloburutwa, ngoma zinafukuzana, halafu kimya, halafu yeye mwenyewe, analia:

"Bwana, huyu Gune hana akili, lakini usimchukue. Nimemzoea."

Vijana wakapaza sauti, "Nimemzoea!" Na ndani ya simu Gune, mchumba wake, akajibu, "Aminaaa!" Wakavunjika mbavu.

Sala ile alimtumia Gune alipolazwa na malaria. Kerubo alikuwa zamu hotelini, mtaa wa Thongpiny, akanyimwa ruhusa, akajifungia chumba cha mashuka na kujirekodi kwa simu akimwombea. Aliituma kwa Gune peke yake.

Alimkuta Gune mtaa wa Juba Na Bari, kwenye chumba kilichozibwa kuta kwa magodoro, bendi yake ya muziki wa panki, Mbuzi Bila Kamba, ikimalizia albamu. Nyimbo zote za vichekesho: jenereta lililooa, mbu mwenye pasipoti.

"Gune, umefanya nini na sala yangu?"

"Malesh, samahani mpenzi. Lakini umesikia? Hii ndiyo watu napenda kushinda zote!"

"Nilikuwa nalia. Nilidhani unakufa."

"Ndiyo maana iko tamu. Mimi hawezi kuigiza hiyo."

"Na wewe ulicheka, siku ile ulipoisikia?"

Gune akachezea nyuzi za gitaa. "Kidogo tu. Nilikuwa na homa."

Kerubo akazishika nyuzi.

"Nisikilize. Tangazo letu la ndoa limesomwa kanisani Jumapili mbili, imebaki moja. Mama ameshashona nguo kule Kisii. Utoe huo wimbo kwenye albamu, na Jumamosi kwenye uzinduzi usiuimbe. Ukiuimba, mimi na wewe hatuna ndoa."

"Natoa. Haki ya Mungu. Bukra natoa."

"Si bukra. Leo."

"Basi, leo."

Jumamosi Kerubo alikuwa kazini. Jioni simu ikalia, ujumbe: "Nimetoa mpenzi. Tumeimba ya jenereta na ya mbu tu. Kesho kanisa." Alipofika nyumbani alimsomea Josline.

"Na wewe naamini?"

"Ameapa kwa Mungu, Josline."

"Huyo? Huyo nacheka mpaka kwa matanga! Haya, mimi nimenyamaza."

Kerubo aliweka simu chini. Alipiga magoti, akashukuru.

Asubuhi Gune alikaa karibu naye kanisani, shati jeupe, kola imebana. Alipomsalimia, sauti ilitoka kama msumeno.

"Sauti imeenda wapi?"

"Vumbi, mpenzi. Juba hii."

Mchungaji Semei akasimama na karatasi yake.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho, natangaza ndoa ya Gune na Kerubo. Mwenye pingamizi aseme sasa."

Kanisa likatulia. Kerubo alihesabu pumzi zake. Ndipo huko nyuma kijana mmoja mwenye fulana ya Mbuzi Bila Kamba, aliyeshindwa kujizuia, akapaza sauti:

"Nimemzoea!"

Na Gune, kabla hajafikiri, akainua kidevu kama aliye jukwaani:

"Aminaaa!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Kwaya ilicheka, wazee wa kanisa walicheka, na Gune naye alicheka, mabega yakimtikisika, mpaka alipomtazama Kerubo.

"Malesh," akanong'ona. "Watu waliomba huo wimbo jana. Walipiga kelele sana. Ningefanya nini? Kerubo, ni wimbo tu."

Kerubo alimtazama usoni, uso uleule aliomsihi Mungu asiuchukue.

"Dada Kerubo," Mchungaji akauliza taratibu, karatasi bado mkononi, "kuna pingamizi?"

Kicheko kilizimika. Kerubo alichukua Biblia yake, akanyoosha sketi, akapita katikati ya mabenchi, akampita kijana wa fulana aliyeinamisha kichwa, akafungua mlango na kutoka.