Kigoda Kilichotoka Mlimani

Agripina, au Mama Yordani kama majirani walivyomwita, alikuwa fundi cherehani pale Mkumbara, kando ya barabara kuu. Kila asubuhi alifagia kibaraza, akatoa cherehani yake nje, kisha akainua macho kuitazama milima ya Usambara. Huko juu, mwendo wa saa tatu kwa miguu, aliishi mama yake mzazi. Njia aliijua tangu utoto. Kuipanda ndiko kulikomshinda.

Ulikuwa mwaka wa pili hajafika kwao. Mgongo ulimkatalia. Krismasi iliyopita alijaribu. Alifika kijito cha kwanza tu, kiuno kikakaza, akarudi nyumbani analia njia nzima.

Mama yake hakuacha kumwita. Kila Jumapili aliazima simu ya jirani akapiga.

"Agripina, macho yangu yanaingia ukungu. Sauti yako naisikia, lakini nautaka uso wako. Njoo nikuone nikiwa bado naona."

"Nitakuja, mama."

"Lini?"

Simu ikikatika Agripina alirudi kushona, na machozi yakadondokea kitenge cha mteja.

Alikuwa akikalia kigoda. Kigoda chenyewe kifupi, cha miguu mitatu, kimeng'aa kwa kukaliwa. Mama yake alimpa siku alipoolewa na Obadia, akamwambia, "Ukikikalia, ujue tuko pamoja." Agripina hakulisahau neno hilo. Viti vilikuwamo ndani, hakuvitaka. Kutwa alikaa kwenye kigoda, magoti juu, mabega yamepanda karibu na masikio, mgongo umepinda. Alimkumbuka mama yake, na moyo ukatulia kidogo. Mgongo haukutulia.

Obadia, mumewe, alimshauri alale. Alilala siku nne, akaamka amekakamaa kuliko mwanzo. Jirani mmoja akamwambia ajifunge kanga kiunoni, aikaze sana. Alijikaza mpaka akapumua kwa shida, na maumivu yakabaki palepale.

Siku moja Shadya, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja kuchukua gauni lake. Gauni halikuwa tayari. Mafundi tunawajua.

"Shikamoo, Mama Yordani."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kidogo, nimebakiza mikono."

Shadya akakaa, akamtazama akishona. Baada ya muda akauliza, "Mgongo unakuuma lini zaidi?"

"Jioni. Na nikitaka kuinuka hapa."

"Miguu inakufa ganzi au kuishiwa nguvu? Haja ndogo na kubwa unazimudu? Una homa, au umekonda?"

"Sina hayo. Ni kiuno tu."

"Afadhali. Ungekuwa nayo, leo hii tungekwenda hospitali Korogwe. Sasa jitazame. Cherehani iko juu, wewe uko chini. Umejikunja tangu asubuhi. Hicho kigoda kinakuumiza."

Agripina akaacha kushona. Alijibu kwa ukali ambao haukuwa wake. "Hiki amenipa mama yangu."

"Yuko wapi mama?"

Agripina akanyoosha kidole kuelekea milimani.

"Basi," Shadya akasema taratibu, "kisikukalishe hapa mpaka ukamkosa mwenyewe."

Agripina akaingia ndani, akatoka na kiti cha mbao chenye egemeo. Kigoda akakipeleka jikoni kwa mikono yake mwenyewe, na ilimuuma kukiacha kule.

"Kaa mpaka nyuma kabisa," Shadya akamwelekeza. "Sogea karibu na cherehani, kazi ikufuate, usiiinamie. Miguu yote miwili iwe kwenye pedeli. Mabega yashushe. Ile kanga uliyojikazia ifungue, ikunje, uiweke hapa nyuma ya kiuno."

"Nikikaa hivi ndiyo nimepona?"

"Bado. Hata mkao mzuri unachosha ukikaa nao kutwa. Kila nusu saa inuka. Pasi yako iweke kule mwisho wa kibaraza, ikulazimishe kutembea. Ukiinua ndoo, kunja magoti, ndoo iwe karibu na mwili. Na usilale siku nzima tena. Mgongo unataka kutembezwa. Anza kidogo, uongeze polepole."

Jioni hiyo Agripina na Obadia walitembea dakika kumi tu. Wiki iliyofuata wakatembea kumi na tano. Siku nyingine kiuno kiliuma, akapunguza mwendo, lakini hakuacha. Watu wa barabarani waliwatania kwamba wamerudi uchumba. Baada ya miezi miwili walifika kijito cha kwanza na kurudi. Agripina alitamani kuendelea siku ileile. Obadia akamshika mkono, akamwambia, "Bado kidogo, Mama Yordani."

Baada ya miezi minne wakapanda. Obadia alibeba mchele na dagaa. Agripina alipumzika kila alipochoka, akanyoosha mwili, akaendelea. Saa tatu zikawa tano. Alipoliona paa la kwao, alisahau kuhesabu.

Mama yake alikuwa jikoni anachambua maharage. Aliinua kichwa, akakunja uso, akijaribu kuona.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Nimechelewa kwa sababu ya kigoda chako." Akamweleza yote.

Mama yake akacheka mpaka maharage yakamwagika. "Mwanangu, nilikupa ukalie ukionja mboga. Nani alikutuma ukikalie ukishona nguo za watu?"

Kisha akaacha kucheka. "Sogea. Mbali sioni."

Agripina akapiga magoti mbele yake, mgongo umenyooka, uso ukalingana na uso. Mama yake akamshika mashavu kwa viganja viwili, akamvuta karibu, akamtazama kwa muda mrefu.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu."