Unga wa Kuchezea wa Mwanakuu

Nyumba ya Mwanaesha ilikuwa mtaa wa Kuze, Mombasa, katika kichochoro ambacho watu wawili wakipishana, mmoja hugeuka ubavu. Kila alfajiri alikanda unga wa mahamri, akayakaanga na kuyauza mlangoni. Mwaka huo, 1946, vita vilikuwa vimekwisha, lakini foleni za unga wa ngano zilikuwa hazijakwisha. Kwa hiyo Mwanaesha hakuacha hata chembe imwagike.

Alijua kukanda, na alijua kwamba anajua. Ukimsifu, hakubisha.

Lakini kwa miezi mitatu alikanda bila raha. Asubuhi moja aligeuka kuchukua sahani, na binti yake Mwanakuu, wa miaka mitano, akashika ukingo wa karai la moto kwa mkono wa kulia. Kiganja kiliungua. Mwanaesha hakujisamehe kwa kule kugeuka.

Kidonda kilitibiwa hospitali mpaka kikafunga kabisa. Siku ya mwisho, Bwana Crispus, dresa aliyekuwa akimfunga bendeji, alimtazama mtoto. Vidole vilikuwa vimekunjwa, ngumi imefungwa.

"Ngozi imepona," alisema. "Sasa mkono ufanye kazi kila siku. Ukiachwa hivi, vidole vitakaza, na vikikaza sitaweza kuvirudisha."

Maneno hayo yalimwingia Mwanaesha moyoni. Usiku hakulala.

Mumewe, Abdulghafur, alikuwa seremala mwenye mikono mipole. Alijaribu kuvifungua vidole kimoja kimoja. Mwanakuu alilia mpaka watu wakatoka majumbani. Hapo mama yake Abdulghafur, Bi Mishi, akaingilia kati. Alisema mjukuu wake ameteseka vya kutosha, aachwe. Akaufunga ule mkono kwa kipande cha leso kuukuu, akawa anamlisha mwenyewe tonge kwa tonge.

Yalikuwa mapenzi, hakuna wa kuyakataa. Lakini mapenzi hayo yaliufunga mkono zaidi. Mwanakuu akazoea kufanya kila kitu kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akauficha ndani ya kanzu yake. Wageni wakija, alikimbilia chumbani.

Nyumba ya pili alikaa Batulbai, mke wa Nuruddin muuza vitambaa. Batulbai alizaliwa Mombasa, na asubuhi aliwafundisha watoto wadogo wa jamaa zake katika chumba cha chini. Siku moja alikuja kununua mahamri, akaiona ile leso, akauliza. Mwanaesha akamweleza yote.

"Msimfungue vidole," alisema Batulbai. "Mpeni kitu kitakachomfanya atake kuvifungua mwenyewe. Mimi nawapa wanafunzi wangu unga laini, wenye harufu nzuri. Huuminya, huuviringa, na mikono yao hupata nguvu. Ijumaa nitakuja nikuonyeshe."

Mwanaesha alicheka kimoyomoyo. Yeye, aonyeshwe unga? Hakungoja Ijumaa. Kesho yake alikata bonge la unga wa mahamri, lenye tui la nazi, sukari, hamira na iliki nyingi. Bi Mishi alinuna. Alisema kuchezea neema ya Mungu, na watu wamepanga foleni, si jambo jema. Mwanaesha alimpa mtoto bonge lile hata hivyo, kisha akaenda sokoni Marikiti.

Aliporudi alikuta nusu ya unga imeliwa mbichi, kwa mkono wa kushoto. Nusu nyingine ilikuwa imefura na kumwagika nje ya bakuli, na sisimizi wamejipanga toka mlangoni. Jioni tumbo la Mwanakuu lilijaa, akajikunja kwa maumivu. Bi Mishi alimsugua mtoto tumbo huku akimtazama mkwewe, na Mwanaesha aliona afadhali angetukanwa.

Ijumaa Batulbai alifika na sufuria yake. Mwanaesha alikiri.

"Ulitia hamira?" aliuliza Batulbai.

"Unga bila hamira ni unga gani?"

"Ni wa kuchezea, dada yangu. Hamira yaufurisha na kumchafua mtoto tumbo. Sukari yaita sisimizi. Na ukitia iliki, mwanao anusa mahamri. Akila, kosa ni la nani?"

Mwanaesha aliinamisha kichwa, akacheka mwenyewe. Hapo Bi Mishi akasema kutoka kitandani kwamba hata hivyo unga wa kula si wa kuchezea.

"Bi Mishi asema kweli," alijibu Batulbai. "Unga mzuri uliwe na watu. Mimi nataka ulioingia wadudu wa fukusi, usiofaa kitu."

Bi Mishi akainama polepole, akavuta debe kutoka mvunguni. Lilikuwa na unga aliouficha tangu vita vianze, akiogopa njaa. Fukusi walikuwa wameshajenga mji humo. Abdulghafur, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa akatoka nje ili mama yake asimwone akicheka.

Waliuchekecha unga ule vizuri. Batulbai alipima vikombe viwili, akatia kikombe kimoja cha chumvi.

"Chumvi yazuia kuoza," alisema. "Na mtoto akionja, hataonja tena. Lakini usimwache peke yake. Chumvi nyingi tumboni ni hatari, na mtoto ni mtoto."

Akaongeza vijiko viwili vya mafuta na viwili vya maji ya ndimu. Kando alikuwa amechemsha majani ya mrehani na maua makavu ya mawaridi. Aliyachuja, akapima vikombe viwili vya maji yale na kuyamimina. Akaweka sufuria kwenye moto mdogo na kukoroga mpaka unga ukashikana na kuachana na sufuria. Waliuacha upoe kabisa. Kisha Mwanaesha akaukanda mpaka ukawa laini, na hapo hakuna aliyemfundisha.

Alipotaka kutia matone ya mafuta yake ya halud, Batulbai alimshika mkono. Alieleza kwamba ngozi mpya haivumilii manukato makali wala viungo vya kuwasha kama karafuu. Na mtoto mwenye kidonda au mchubuko asipewe unga huu kabisa, kwa sababu chumvi itamchoma.

Mwanakuu alikuwa akichungulia. Batulbai hakumwambia afungue mkono. Alimpa bonge dogo, akamwambia anuse. Mtoto akanusa, akasema hanusi kitu.

"Harufu imejificha ndani," alisema Batulbai. "Haitoki mpaka unga uminywe."

Mwanakuu aliuminya kwa mkono wa kushoto. Harufu ya mawaridi ikatoka. Akatabasamu. Batulbai akachukua bonge lake, akaliviringa katikati ya viganja viwili, likawa uzi mrefu. Mtoto alijaribu kwa mkono mmoja, uzi ukakatika. Akajaribu tena, ukakatika. Alikasirika, akautoa mkono wa kulia ndani ya leso na kuukandamiza unga kwa ngumi.

Mwanaesha alitaka kusema kitu. Bi Mishi akamgusa goti, anyamaze.

Tangu siku hiyo Mwanakuu alicheza mara tatu kwa siku, kidogo kidogo, na akichoka aliachwa. Mama yake alikaa naye kila mara. Wakimaliza, walinawa mikono, unga ukarudi katika kopo lenye kifuniko. Kila baada ya wiki mbili, au ukianza kunuka vibaya kabla ya hapo, waliutupa na kupika mwingine. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumi tu. Wiki ya tatu kidole gumba kilitoka, kikatoboa shimo. Baadaye vikaja vidole vya kati. Bi Mishi aliitupa ile leso bila kuambiwa, na siku moja alikutwa akifinyanga vikombe vidogo na mjukuu wake, uso wake umejaa furaha.

Katika mwezi wa nne wa kucheza hivyo, Mwanakuu alikula wali kwa mkono wake wa kulia. Kidole kidogo hakikunyooka vizuri, na Bwana Crispus alisema huenda kikabaki hivyo. Lakini mkono ulishika, ukabeba, ukafunguka. Mwanaesha alilia mbele ya watu na hakuona haya.

Idi ilipokaribia, mwanamke mpaka hina aliingia Kuze kupamba mikono, nyumba kwa nyumba. Alipomwambia Mwanakuu alete mkono, mtoto aliutanguliza wa kulia, kiganja juu. Asubuhi hina ilikuwa imekolea vizuri kwenye vidole, lakini penye kovu rangi ilikuwa hafifu. Mwanaesha aliogopa mtoto atasikitika.

Mwanakuu alikuwa ameshatoka. Alikuwa akipita mlango kwa mlango, mkono mbele, vidole wazi, akimwonyesha kila mtu.