Kompyuta Iliyozamisha Herufi

Yusufu Niyonzima wa mtaa wa Rwezamenyo aliandikia watu barua. Wa kuomba kazi, wa kumlilia konseye wa mtaa kuhusu kiwanja, wote walikuja barazani kwake. Miaka kumi na miwili aligonga taipureta. Lakini wakubwa siku hizi wanataka karatasi safi. Machozi hawayasomi.

Mwaka 1989 aliuza ng'ombe wake wawili wa urithi, akanunua kompyuta mpya mjini. Majirani walikaa mkekani, wakaisomea Fatiha, wakala kashata.

Kompyuta ilipendeza. Herufi za kijani zilichomoza kwenye kioo cheusi kama vimulimuli bondeni. Lakini baada ya kama saa moja zilianza kuyumba. Zikarefuka, zikafifia, zikazama mojamoja. Kisha kompyuta ikazimika, na barua yote ikapotea nayo.

Ilikuwa hivyo kila siku. Niyonzima hakukasirika. Alitazama tu, kama mtu anayeota mchana.

"Imechoka," alisema. "Hata mtu huchoka."

"Mtu wa siku nane?" mkewe, Mukashema, aliuliza. "Wateja watatu wamekwenda kwa mwandishi wa mtaa wa Gitega. Irudishe, baba Zaina!"

"Tumeisomea Fatiha. Kitu cha dua kinarudishwaje? Watu watanicheka."

Siku ya kumi na tatu akaja shemeji yake, Habiyaremye, fundi wa redio. "Shemeji, niifungue. Iko waya tu imelegea."

Bisibisi ilikuwa imeshagusa skrubu iliposikika sauti mlangoni.

"We Habiyaremye! Toa mkono!"

Alikuwa jirani yao Mukandekezi, mpiga chapa katika ofisi moja mjini. Kule walikuwa na kompyuta mbili.

"Garanti yake iko wapi?" aliuliza.

"Garanti ndiyo nini?" Niyonzima akashangaa.

"Sha, si hiyo karatasi mmeweka chini ya termosi!"

Akaivuta, akawasomea. "Duka linaahidi hivi: ikiharibika ndani ya siku kumi na tano, watakupa nyingine. Lakini ikifunguliwa na fundi wa nje, ahadi imekufa. Mnaona kibandiko hiki juu ya skrubu? Kikichanika, hata ulie, ubovu ni wako."

Habiyaremye akarudisha bisibisi mfukoni polepole.

"Imeandikwa Kifaransa," Niyonzima alinung'unika. "Wakubwa wanaruhusu mali iingie, sisi hatuelezwi kitu."

"Hawaelezi, ni kweli. Ndiyo maana uulize."

"Na Fatiha?"

"Mliomba riziki, jirani, hamkuomba ubovu. Dini yetu inampa mnunuzi haki ya kurudisha chenye kasoro. Sasa sikia. Chukua fagitire ya malipo, garanti na boksi lake. Andika inazimika baada ya muda gani. Wakiiwasha pale, usitoke mpaka lisaa liishe."

Kesho yake dukani, muuzaji aliiwasha. Herufi ziling'aa vizuri.

"Iko mzima, mzee. Rudi nyumbani."

"Nitangoja."

"Unangoja nini?"

"Saa moja. Nimeandika hapa."

Muuzaji akacheka. "Unafikiri hapa ni sinema?"

Niyonzima akakaa juu ya boksi. Kukaa na kuota alikuweza. Sauti za mjini zikawa mbali, kama maji chini ya daraja. Alihofia kitu kimoja tu: kwamba leo, kwa ukaidi, kompyuta ingepona.

Dakika ya hamsini na tano, herufi moja iliyumba. Ya pili ikaifuata. Muuzaji aliacha kucheka. Zikarefuka, zikafifia, zikazama.

"Basi, nimeona," alisema, akaenda kuleta nyingine.

Alasiri ile Niyonzima aliiwasha barazani, akazingoja herufi zizame. Saa moja ikapita. Adhana ya magharibi ikalia. Herufi zilikuwa palepale. Akahisi upweke kidogo, kama aliyeamshwa njozini.

"Baba Zaina, unatazama nini?" Mukashema aliita. "Kuna mama ametoka Kabuga, anataka barua."

Niyonzima akasogeza kiti.

"Karibu, mama. Sema polepole. Sema yote, mpaka mwisho."