Dawa Isiyomezwa Siku ya Kushona

Tangu fundi cherehani apate kiharusi, mkewe hakuthubutu kwenda hata sokoni. Fundi alikuwa akianguka kifafa. Mke alichoka mpaka mifupa.

Asubuhi moja alimvisha shati, akamkalisha kwenye cherehani.

"Leo nashona sare. Usinisumbue," alisema fundi.

"Nikusumbue mimi? Makelele ya cherehani ni ya nani?"

Akaenda uani kufua. Mara cherehani ikanyamaza. Alipokimbilia ndani, mumewe alikuwa sakafuni. Macho yamegeuka, mwili wote unatikisika. Mke akachukua rula ya mbao amtie menoni.

"Acha!" Jirani yao, muuguzi, alikuwa amekuja kuchukua gauni lake. "Utamvunja meno! Wala usimkandamize. Sogeza mkasi huo. Mlegeze kola."

Muuguzi alimwekea kitambaa chini ya kichwa, akatazama saa. Mtikisiko ulipokoma, wakamlaza kwa ubavu.

"Dada, nani kamroga mume wangu?"

"Hakuna. Kiharusi kiliacha kovu kwenye ubongo. Kovu hilo ndilo linaloleta kifafa. Hakiambukizi. Kikizidi dakika tano, au kikirudia kabla hajazinduka, mkimbize hospitali. Vidonge anameza?"

"Kila siku namtilia mkononi!"

Fundi, aliyekwisha kuzinduka, akatazama ukutani.

"Siku za kushona navitupa," alisema. "Vinanitia usingizi, mshono unakwenda kombo. Nimechoka kulelewa kama kinda."

Mke akaketi sakafuni kando yake. "Na mimi nimechoka, baba watoto. Lakini kukuzika siko tayari."

"Fundi," alisema muuguzi, "dawa ikikulewesha, mwambie daktari. Yeye ataipunguza au ataibadili. Ukiiacha mwenyewe, umekifungulia kifafa mlango."

Siku hiyohiyo walikwenda hospitali. Daktari akabadili dawa. Fundi alisinzia bado, ila kidogo. Akawa anashona polepole, anameza kila siku bila kuruka. Pasi ya moto alimwachia mkewe, asije akaiangukia.

Miezi ikapita bila fundi kuanguka. Ndipo mke akaenda sokoni peke yake. Alirudi jua limeinama.

"Nimepiga soga mpaka nikasahau kama nina mume!"

"Kesho nenda tena," alisema fundi, akikata uzi. "Nyumba ilitulia kweli."

Mke akacheka, akajinyoosha mkekani. Kikapu hakijafunguliwa, usingizi ukamchukua.